Taka si uchafu, wala chicha si taka

Kamusi nyingi hueleza taka kwa neno uchafu, na uchafu kwa neno taka, msomaji akabaki akizunguka palepale. Mimi huyatenga hivi: uchafu kwanza ni hali, taka ni kitu. Shati likifuliwa uchafu umekwisha, wala huuoni ulikokwenda. Taka hufagiwa, huzolewa, hupimwa kwa kilo. Ndiyo maana twasema bahari imechafuka, au tumbo limechafuka, na hapana taka hata punje iliyohusika.

Kwa ngeli, taka ni I-ZI: taka imeniingia jichoni, taka zimejaa pipani. Umoja una kazi yake, kwani kijiti kimoja kinachoelea kwenye kikombe cha maji ni taka. "Mataka" hakuna. Takataka huongeza wingi na mchanganyiko, vitu vya kila aina visivyo na maana, na ndilo linalogeuzwa tusi. Kumwambia mtu "maneno yako takataka" ni kali kuliko kumwambia ni machafu: machafu huenda yakasafishwa.

Wanafunzi hupenda kuuliza vipi taka ni kisichotakiwa, na kutaka ni kutamani. Mwenyeji wa Mombasa hatatizwi na hili, kwa sababu sikio lake lasikia maneno mawili. Taka ya jaani hutamkwa kwa pumzi kwenye t, kama k ya kaa wa pwani. Taka ya kutamani haina pumzi, kama k ya kaa la moto. Maandishi sanifu hayaionyeshi tofauti hiyo, na anayejifunza kwa kitabu hubaki na fumbo lisilokuwepo.

Linalonasa watu zaidi ni takata. Mbingu ikitakata haina wingu. Maji yakitakata yako safi. Humo ndimo tunamopata takasa, takatifu, na siku hizi utakatishaji wa fedha. Basi anayeandika "msitakase mtaa wetu" akidhani anakataza watu kutupa taka, amewakataza kuusafisha.

Kosa kubwa kuliko hayo, kwangu mimi, ni kuita taka kila kinachobaki. Kiswahili kina jina la kila baki, na jina hilo ndilo linalokwambia kitu kiende wapi. Chukua nazi moja. Ukiifua kwenye kifuo, kijiti chenye ncha kilichochomekwa ardhini, unabaki na makumbi, ganda la nje lenye nyuzi. Ukiivunja na kuikuna kwa mbuzi ya nazi unabaki na vifuu viwili, nusu mbili za gamba gumu. Nazi iliyokunwa ikitiwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu, chujio la kusukwa, hutoa tui zito, kasimele. Ukirudia kwa vikombe viwili hutoka tui jepesi, na kinachobaki ni chicha. Hapo bado hapana taka. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga wenye maji hadi yalainike, yakapondwa, yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Kifuu hutiwa mpini kikawa kata, au huchomwa. Chicha hupewa kuku siku ileile, maana kwa joto letu ikilala hadi asubuhi imechacha, na kuku wenyewe wanaipita. Sasa ndiyo taka.

Mchele nao una yake: wishwa na makapi, yaani maganda yake, hupeperushwa kwa ungo, chuya, punje zilizobaki na ganda, huchaguliwa kwa vidole, na chenga ni mchele uliovunjika tu, hupikwa. Kwa seremala kuna maranda yanayotoka mbao zikipigwa randa. Kwenye dele la kahawa kuna mashapo, nayo hayachujwi: unaacha yatuame, kisha unamimina taratibu bila kulitikisa dele. Mwili pia haukusahauliwa: tongo la jicho, ukoga wa meno, nongo inayotoka ukijisugua.

Lugha ya ofisi imeongeza misamiati miwili inayopotosha kidogo. Maji taka si maji machafu yoyote. Maji ya kisima yenye tope ni machafu, huchujwa, hutiwa shabu ya kutuamisha tope, yakatakata. Maji taka ni yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni au jikoni, yakaingia mfereji au shimo. Na taka ngumu si lazima ziwe ngumu. Ndizi iliyooza hadi ikalegea ni taka ngumu, kwa sababu neno hilo lazitenga na maji taka tu. Halikuwa na nia ya kuzibonyeza. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya 2022 yataka zinazooza zitengwe na zisizooza, kwa hivyo anayeandika tangazo la mtaa afadhali aseme hivyo moja kwa moja: maganda, chicha na mabaki ya chakula pipa hili, chupa, mikebe na plastiki lile. Akiandika "taka ngumu" peke yake, watu watatia chupa na kuacha ndizi chini.