Kwa nini ubao hupinda hata baada ya kukauka?

Jana jioni uliuranda ubao mpaka ukanyooka sawasawa, ukaulaza juu ya meza ya kazi, ukaenda zako. Asubuhi unauwekea rula, unaona mwanga unapenya katikati. Umepinda, na hakuna aliyeugusa.

Ubao ni mirija midogo sana iliyoshikamana, ile ile iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini mti ulipokuwa hai. Ukiwa mbichi, maji mengine yamo ndani ya mirija na mengine yamenywewa na kuta zake. Ya ndani hutoka kwanza. Ubao unakuwa mwepesi lakini umbo linabaki lile lile. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, zamu ya kuta inafika, na hapo ndipo ubao huanza kusinyaa. Kuta hizo haziachi kazi hiyo kamwe. Hewa ikiwa na unyevu zinanyonya, ikikauka zinatoa, hata kama kabati lina miaka 100. Vanishi hupunguza kasi tu.

Lakini kusinyaa peke yake kusingeupinda ubao, kama ungesinyaa sawa kila upande. Haufanyi hivyo. Kwa urefu hupungua kidogo mno. Kutoka kwenye moyo wa mti kuelekea gome hupungua zaidi, na kwa kufuata mzunguko wa pete za mti ndiyo zaidi kabisa, mara nyingi maradufu. Mtiki, kwa mfano, ambao mafundi wanausifu kwa utulivu, ukitoka ubichi hadi ukavu kabisa hupungua karibu asilimia 2.5 kuelekea gome na 5.8 kwa mzunguko. Sababu mojawapo ni miale, yaani mistari ya seli inayotoka moyoni kwenda nje: inaushikilia ubao upande huo kama kamba.

Sasa geuza ubao uutazame kichwani, pale uliposhuka msumeno. Ukiona pete zimejikunja kama upinde, ubao ukikauka zitataka kunyooka. Uso uliokuwa upande wa gome utabonyea, wa upande wa moyo utatuna. Mimi sigundishi mbao mbili kabla ya kuzitazama vichwa. Ni sekunde chache tu, na zimeniokolea kazi nyingi.

Na ule ubao wa jana? Randa iliondoa ngozi iliyokwisha kuzoea hewa, ikafunua mbao ya ndani yenye unyevu tofauti. Kisha uso wa chini ukazibwa na meza, wa juu ukabaki unapumua peke yake. Usimamishe kwa ubavu, au uulaze juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye meza ya kwanza niliyoitengeneza. Uso wake ulikuwa na upana wa sentimita 60, na chini yake niligundisha mataruma mawili, yaani vipande vya mbao vya kukingama upana wake, nikakaza na skrubu nikiamini naiimarisha. Unyevu wa mbao ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 8, uso wa mtiki wa upana huo unaweza kupungua karibu milimita 5. Taruma, kwa kuwa nyuzi zake, yaani ile mirija, zimelala kwa urefu wake, karibu halipungui upande huo. Usiku mmoja wa kiangazi nikasikia mlio kama kijiti kinavunjwa. Ufa ulikuwa umefuata nyuzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kadi ilipita.

Dawa yake ni kuuachia uso nafasi ya kusogea. Skrubu ya katikati ya taruma ikazwe kwenye tundu la kawaida. Za pembeni zipitie matundu marefu, yaliyochongwa kufuata upana wa meza, na gundi isiguse hapo. Meza yangu ya pili nimeifunga hivyo. Ukiinama chini yake utaona kandokando ya skrubu za pembeni michirizi midogo inayong'aa, kichwa cha skrubu kilipokwenda na kurudi.