Kisa cha kweli si lazima kianzie mwanzo

Wengi huamini kwamba kisa cha kweli sharti kisimuliwe tangu kuzaliwa hadi kufa, na kwamba mwandishi akianzia katikati tayari ametia chumvi. Lakini mpangilio wa usimulizi na mpangilio wa matukio ni mambo mawili. Wasifu unaweza kufunguka mahakamani, siku ya hukumu, kisha kwa mbinu rejeshi ukaturudisha utotoni, ukweli haujaguswa. Unaguswa pale tukio la 1964 linapofanywa chanzo cha lile la 1961, au watu wawili wanapounganishwa kuwa mmoja bila msomaji kuambiwa. Hilo, kwangu, halina udhuru.

Unaposoma, andika pembeni kila tarehe, kisha uzipange upya. Soma pia dibaji: humo mara nyingi hutajwa majina yaliyobadilishwa na mazungumzo yaliyojengwa kutokana na kumbukumbu.