Nazi nane kwa lita moja: yanayosemwa kuhusu dizeli ya mimea, na ukweli wake

Kila bei ya dizeli inapopanda, barazani Wete, kisiwani Pemba, huzuka neno lile lile: kisiwa kimejaa minazi, kwa nini tungoje mafuta ya meli? Ni swali zuri, nami nataka lipate jibu la kweli. Lakini limezungukwa na dhana zinazoweza kuwatia watu hasarani.

“Mafuta ya nazi ni dizeli tayari, mimina tu tangini.”

Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli, ilizunguka. Ila mafuta ya mimea ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli, na nozeli za injini za leo, midomo inayopulizia mafuta ndani, zina matundu membamba sana. Ya nazi yana kasoro nyengine ambayo kila mama anaijua: asubuhi ya kipupwe chupa ya mafuta imeganda nyeupe, mpaka iwekwe juani. Ili yawe biodizeli, yaani dizeli ya mimea, huchanganywa na methanoli, aina ya spiriti, na kostiki soda kidogo, yakapashwa moto wa nyuzi 60 hivi. Gliserini huzama, biodizeli hubaki juu.

“Mbono (jatropha) huota popote, basi ni mafuta ya bure.”

Kuota si kuzaa. Kwenye ardhi kavu isiyo na rutuba mbegu huwa haba, na mashudu yake yana sumu, mbuzi hapewi.

“Jenga kiwanda kwanza, nazi zitakuja zenyewe.”

Hapa ndipo pesa huzama. Nazi 5,000 hivi hutoa tani moja ya mbata, na tani hiyo hutoa kilo 600 hivi za mafuta. Ukigawa, ni karibu nazi nane kwa lita moja ya biodizeli. Anayekwenda sokoni Chake Chake alinganishe mwenyewe bei ya nazi nane na ya lita ya dizeli. Kinu cha kukamua tani moja ya mbata kwa siku, kikifanya kazi siku 250 kwa mwaka, kitataka nazi 1,250,000. Tuseme kila mnazi unatoa nazi 50 kwa mwaka: hiyo ni minazi 25,000, ya wenyewe wengi, kila mmoja na mkwezi wake na siku yake ya kuangua.

Kuunda modeli ya mnyororo wa ugavi, yaani safari yote ya nazi kutoka mnazini mpaka tangini, ni kuyatia yote haya kwenye hesabu moja kabla ya kumwaga zege. Mbata ikaushwe wapi? Karibu nusu ya nyama mbichi ya nazi ni maji, kwa hiyo ukiipakia mbichi kutoka Konde mpaka Mkoani unalipia gari kubeba maji. Ikaushwe kijijini, basi. Lakini masika jua ni la kubahatisha. Mbata ikiota ukungu mafuta yake huwa na asidi nyingi, na asidi ikikutana na kostiki hutoka sabuni pipani. Modeli isiyojua masika haijui Pemba. Jamvi la kuanikia, banda la moshi, ghala la miezi mibaya, vyote viwemo, na gharama zake.

“Tukiwa na minazi hatutategemea meli tena.”

Kila lita 100 za mafuta hutaka kiasi cha lita 20 za methanoli, nayo huagizwa kutoka nje. Ni sumu na hushika moto haraka, si kitu cha kuweka uani penye watoto.

“Biodizeli huua injini.”

Iliyosafishwa vizuri haiui. Huyeyusha uchafu wa zamani tangini, kwa hiyo badilisha filta mapema, na angalia mipira ya injini kuukuu.

Mimi ningeanzia kwengine: mafuta yaliyokwisha kukaangia kwenye hoteli za Nungwi na Paje, kule Unguja. Hayataki mkwezi wala jua. Yachujwe, maji yatolewe, asidi ipimwe, na kila dumu liandikwe limetoka jiko gani na tarehe ngapi. Daftari hilo la mwaka mmoja ndilo lingeniambia kinu kiwe kikubwa kiasi gani, na kikae wapi.