Paka Kalamba Mchuzi, Ugali Kauacha

Rudi jikoni dakika kumi baada ya kumwekea paka chakula cha jioni, kisha itazame sahani yake. Katika nyumba nyingi utakuta jambo lilelile: bonge la ugali lipo palepale, juu limelambwa hadi linang'aa, na tone la mchuzi wa samaki halionekani. Mwenye nyumba husema paka huyu anadeka. Hadeki. Ulimi wa paka hauonji utamu wa sukari kabisa, na mwili wake haukuumbwa kuishi kwa wanga. Amekula kilichokuwa chakula, akaacha kilichobaki.

Sisi madaktari wa mifugo hapa Dar es Salaam tunaletewa paka wengi ambao ugonjwa wao ulianzia kwenye sahani hiyo. Wenye paka hao wanawapenda kweli, wengine wamewabeba kwenye kapu kutoka mbali na kulipa nauli ya bodaboda. Kinachowaponza ni kwamba tumbo la paka limejaa, kwa hiyo hakuna anayehisi kuwa ana njaa.

Mbwa anaweza kuishi kwa makombo akachangamka. Paka hawezi. Sisi tukila karoti au mchicha, miili yetu hutengeneza vitamini A humo. Paka ni lazima aipate tayari kwenye ini, samaki au mafuta ya mnyama. Vitamini D nayo haitengenezi kwa kuota jua, hata akilala barazani mchana kutwa. Kisha kuna taurini, kirutubisho kilichomo hasa kwenye nyama na samaki, nafaka haina. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka akiikosa, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa University of California, Davis, wakaonyesha kwamba moyo nao hutanuka na kuchoka kwa upungufu huohuo. Paka wao walikuwa wakila chakula cha kiwandani, na ndipo viwanda vikaanza kuongeza taurini zaidi.

Namkumbuka paka mmoja wa rangi ya chungwa, aliyelelewa kwa ugali na mchuzi tangu utotoni. Nilimweka dirishani saa sita mchana. Mboni za paka kwenye jua kali hubana zikawa kama uzi. Zake zilikuwa wazi, duara, nyeusi, kama za usiku. Alikuwa haoni. Mama aliyemleta aliniambia, "Dokta, mimi nilidhani ni macho yake mazuri tu." Jicho likishafika hapo halirudi. Moyo, ukiwahiwa, mara nyingi hupona.

Basi tumpe nini? Hapa wengi huogopa gharama, na ningependa kuwaondoa hofu. Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Panya mdogo wa nyumbani ana kama kilokalori 30, kwa hiyo porini angekula panya saba au wanane, mmoja mmoja, mchana na usiku. Ndiyo maana paka hupenda kula kidogo kidogo. Kwa chakula kikavu cha dukani, kiasi hicho ni kama gramu 60 tu, zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai.

Ukinunua cha dukani, soma lebo kabla ya kutazama picha. Tafuta maelezo kwamba ni chakula kamili kwa paka, na kwa umri gani. Kwenye orodha ya viambato, nyama, kuku au samaki watangulie mahindi na mchele. Protini ya paka mzima isipungue asilimia 26 ya chakula kikavu, na ya mtoto asilimia 30. Chakula cha mbwa usimpe kama mlo wake wa kila siku, maana hakikutengenezwa kwa mahitaji haya. Na kile kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, mimi sikipendi: hujui kimefunguliwa lini, mafuta yake huchacha, na kwa unyevu wa pwani ukungu hauchelewi.

Kama mfuko mkubwa wa chakula cha dukani unakushinda, nunua mdogo uliofungwa uwe msingi, uongezee kitoweo cha nyumbani. Dagaa ni wazuri, kwa sababu huliwa wazima, na mifupa yao laini ina kalsiamu. Dagaa walioanikwa mchangani waoshe mpaka maji yawe safi. Waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweke kwanza, umwage maji hayo. Kisha chemsha bila chumvi, bila kitunguu, na supu usiimwage, maana taurini huyeyuka kwenye maji. Badilisha kwa moyo wa kuku, firigisi, au nyama ya paja. Ini ni zuri, ila kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Paka anayelishwa ini kila siku hulimbikiza vitamini A mpaka mifupa ya shingo inashikana. Ugali ukiwepo, uwe kijiko kimoja cha kushikilia supu.

Nyama tupu nayo si jibu. Ina kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa paka anayelishwa steki peke yake anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kitandani.

Wanaoishi karibu na soko la samaki, kama pale Feri, nawaomba mnisikilize kwa makini. Utumbo na vichwa vibichi vinavyotupwa ni bure, lakini baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayewala kila siku huanza kuyumba, kidevu hukunjika kuelekea kifuani asiweze kukiinua, kisha degedege. Kuchemsha huua kimeng'enya hicho. Jodari naye asiwe chakula cha kila siku, hata wa kopo. Na samaki bunju, yule anayejivimbisha, asimguse kabisa, mbichi wala aliyepikwa. Sumu yake haiondoki kwa moto.

Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimeiva ndani ya mchuzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Maziwa ya ng'ombe, ambayo karibu kila mtu humpa paka kwa mapenzi, huwaharisha paka wengi wazima. Mwekee maji safi, mbali na sahani ya chakula, ubadilishe asubuhi na jioni. Asili ya paka ni nchi kame, kwa hiyo hunywa kidogo kwa desturi, na chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu. Supu ile ya dagaa itamsaidia hapa pia.

Ukibadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku saba, ukiongeza kipya polepole. Usimwache na njaa eti atazoea. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini lake na anaweza kufa. Na paka dume anayechuchumaa tena na tena kwenye mchanga wake, akilia, na mkojo hautoki, usimkande tumbo wala usisubiri asubuhi. Njia imeziba. Mlete saa hiyohiyo.