Je, Wajua? Kwa Nini Kupanga Machapisho Mapema Humnufaisha Mmoja na Kumwangusha Mwingine

Chukua kurasa mbili za mtandaoni zinazoshabihiana karibu kwa kila kitu: mada moja, wafuasi wanaokaribiana kwa idadi, picha za ubora uleule. Wenye kurasa hizo wameacha kuposti papo kwa papo. Sasa kila mmoja huketi siku moja kwa juma, huandika machapisho ya siku zote saba, huyapangia saa, kisha programu huyatoa moja baada ya jingine bila yeye kugusa simu. Miezi michache baadaye mmoja anafurahi kwamba maoni yamemiminika. Mwenzake analalamika kwamba ukurasa wake umekufa ganzi, na ana hakika kwamba mtandao umeshtukia mpango wake na unayaficha machapisho yake makusudi.

Wote wawili wanasema kweli kuhusu walichokiona. Anachokosea yule wa pili ni sababu.

Hofu yake, hata hivyo, haikutoka hewani. Mwaka 2011 wenye kurasa za Facebook waliokuwa wakitumia programu za nje, yaani za kampuni nyingine, kama HootSuite iliyoanzishwa mwaka 2008, waligundua kwamba Facebook ilikuwa ikiyakusanya machapisho yaliyotumwa kupitia programu moja na kuyafunga pamoja. Msomaji aliona moja tu, mengine yakabaki nyuma ya kiungo ambacho wachache walijisumbua kukibofya. Mwitikio ukashuka, na habari ikaenea: ukitumia programu kupanga machapisho, umejikata mguu. Habari hiyo bado inazunguka leo, ingawa mazingira yaliyoizaa yamepita zamani.

Mwaka uliofuata, 2012, Facebook yenyewe iliwapa wenye kurasa kitufe cha kupanga saa ya kuchapisha. Twitter (leo X) iliweka kifaa kama hicho kwenye tovuti yake mwaka 2020. Instagram ilichukua muda mrefu zaidi: hadi mwanzoni mwa 2018 programu za nje ziliweza tu kukutumia arifa kwamba saa imefika, ukamalizie kazi kwa kidole chako mwenyewe. Mwishoni mwa 2022 ikaruhusu kupanga ndani ya programu yake, hadi machapisho 25 kwa siku na hadi siku 75 mbele, kwa akaunti za kikazi. Mtandao uliojenga kifaa kwa mikono yake na kukiweka mbele ya watumiaji una sababu gani ya kumwadhibu anayekitumia?

Tazama pia kinachotendeka pale saa inapotimia. Chapisho lililopangwa halimo katika mtiririko wa mtu yeyote, yaani orodha ya machapisho anayoiona akifungua mtandao, kabla ya muda wake. Limehifadhiwa kwenye seva, kompyuta za mtandao wenyewe, limelala. Dakika ikifika, linachapishwa kama ambavyo lingechapishwa kwa kubonyeza kitufe, na umri wake unaanza kuhesabiwa hapo. Kwamba uliliandika siku sita nyuma, au sekunde sita nyuma, si jambo linaloliongezea au kulipunguzia mvuto mbele ya msomaji. Yeye anaona maneno, picha na saa ya kuchapishwa, basi.

Kwa hiyo swali la maana ni jingine: kupanga mapema kunabadilisha nini katika mwenendo wa mwenye ukurasa? Kunabadilisha mambo mawili, na yanavutana. Linalozungumzwa sana ni saa.

Zamani saa ilikuwa karibu kila kitu. Mwaka 2011 kampuni ya kufupisha viungo ya bitly ilipima muda ambao kiungo, kikishafikia kilele chake, huchukua kupata nusu ya mibofyo yote iliyobaki, ikakuta wastani wa saa 2.8 kwenye Twitter na saa 3.2 kwenye Facebook. Twitter ya siku zile ilipanga machapisho kwa mfuatano wa muda, jipya juu, la zamani chini. Ukichapisha wafuasi wako wakiwa usingizini, wanaamka umeshazikwa chini ya mamia ya wengine. Katika hali kama hiyo, kupanga mapema kulikuwa nyenzo yenye nguvu sana: uliandika unapoweza, ukachapisha watu wanapokuwepo.

Mwaka 2016 Twitter na Instagram zilianza kupanga mtiririko kwa algoridhimu, yaani kanuni za kompyuta zinazokadiria nani angependa kuona nini, njia ambayo Facebook ilikuwa imeshaitumia kwa miaka. Instagram ilieleza wakati huo kwamba mtu wa kawaida alikuwa akikosa kuona wastani wa asilimia 70 ya yaliyomo kwenye mtiririko wake. Tangu hapo chapisho la asubuhi linaweza kukutokea jioni, na la jana leo. Saa haikupoteza maana, ila imebadilisha kazi. Sasa kazi yake ni kulipatia chapisho wapokezi wa kwanza walio macho, kwa sababu wanachokifanya wale wa mwanzo huisaidia algoridhimu kukadiria kama inafaa kuwaonyesha wengine. Hata hilo halina uzito sawa kila mahali. YouTube huwaambia watengenezaji wa video kwamba saa ya kuchapisha haijulikani kuathiri moja kwa moja mafanikio ya video kwa muda mrefu, na inaeleweka: video ya maelezo inaweza kutafutwa miaka mitatu baadaye, wakati tangazo la mkutano wa kesho likipitwa ndiyo basi tena.

Jambo la pili huzungumzwa kidogo, nami naamini ndilo linalozitenganisha zile kurasa mbili. Ni kuwepo kwako baada ya kuchapisha.

Hapa tuna bahati ya kuwa na ushahidi wa wazi. Mwishoni mwa Machi 2023 Twitter iliweka hadharani sehemu kubwa ya msimbo wa algoridhimu yake, yaani maelekezo yanayoiendesha, na siku chache baadaye ikaonekana orodha ya uzito uliowekwa kwa kila kitendo cha msomaji. Kompyuta ilikadiria uwezekano kwamba wewe, ukionyeshwa chapisho fulani, ungefanya kitendo fulani, kisha ikauzidisha uwezekano huo na uzito wake. Kubonyeza alama ya kupenda kulipewa 0.5. Kulisambaza, 1. Kulijibu, 13.5. Na kulijibu kisha mwandishi naye akajishughulisha na jibu lako, 75.

Soma tena namba hiyo ya mwisho. Ni mara 150 ya uzito wa kupenda. Uzito wenyewe unaweza kubadilishwa wakati wowote, na kila mtandao una hesabu zake, lakini mwelekeo si wa Twitter peke yake. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho yanayowafanya watu wazungumze wao kwa wao, na kuyapunguza yale yanayopitiwa tu kwa macho. Mitandao hii inataka mazungumzo kwa sababu mazungumzo huwarudisha watu. Anayeuliza swali na kujibiwa hurudi kusoma jibu, huenda akaongeza neno, na mwingine aliyekuwa akisoma kimyakimya naye akaingia.

Sasa rudi kwa yule anayelalamika. Amepanga chapisho litoke saa mbili usiku kwa sababu alisoma mahali kwamba hiyo ndiyo saa yenye watu. Ni kweli, watu wapo. Dakika ya nne mtu anauliza swali. Dakika ya kumi mwingine anapinga hoja kwa adabu kabisa. Mwenye ukurasa hayupo. Aliandika kazi hiyo siku nne zilizopita, ameisahau, na simu iko chaji chumba kingine. Anajibu kesho yake adhuhuri, kwa maneno mawili, na aliyeuliza ameshahamia kwingine. Ni kama kualika wageni kisha ukafunga mlango ukaenda kulala. Wakija mara mbili tatu wakakuta hivyo, hawaji tena, na hakuna algoridhimu iliyowafukuza.

Mwenzake alipanga vilevile, kwa programu ileile pengine, ila alichagua saa ambazo yeye mwenyewe huwa huru. Muda aliouokoa kwa kutoandika kila siku ameuhamishia kwenye kujibu. Hapo ndipo kupanga mapema kunapolipa.

Zipo faida nyingine zinazostahili kutajwa. Chapisho lililoandikwa kwa utulivu na kusomwa tena kesho yake huwa na makosa machache. Ukurasa haupotei wiki mbili kwa sababu mwenyewe aliugua au alibanwa na kazi. Na wafuasi walio mbali, ambako usiku wako ni mchana wao, wanafikiwa wakiwa macho. Kwa hao wa mbali kuna mtego mmoja mdogo: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Ukiwa nchi isiyosogeza saa, kama Kenya au Tanzania, kuanzia siku hiyo tofauti ya saa uliyoizoea haiko sahihi, na chapisho ulilolilenga kwa dakika linawafikia saa nzima kabla au baada ya wakati ulioukusudia.

Vipi kuhusu zile chati za "saa bora ya kuposti"? Nazitazama kwa tahadhari kubwa. Nyingi zimekokotolewa kwa kuchanganya maelfu ya akaunti za kila aina, na wastani wa watu wote unaweza usimhusu mfuasi wako hata mmoja. Wauguzi wa zamu za usiku na wanafunzi wa sekondari hawashiki simu saa zilezile. Zaidi ya hapo, chati ikisomwa na watu wengi, wengi hukimbilia saa hiyo, na saa iliyokuwa na nafasi inasongamana. Hata tabia ya kuchagua saa kamili, saa moja juu ya alama au saa mbili juu ya alama, huleta msongamano wa namna hiyo, kwa kuwa ndilo chaguo linalomjia kila mtu kwanza.

Kuna kosa jingine la hesabu linalowapotosha hata watu makini. Mtu akianza kupanga mapema, mara nyingi huanza pia kuposti kwa wingi zaidi, kuchagua picha kwa uangalifu na kufikiria mada zake. Mwitikio ukipanda, kipi kilichoupandisha? Ukitaka kujua, inabidi ubadilishe kitu kimoja tu. Kwa wiki kadhaa, nusu ya machapisho yako yapange na nusu uyatoe kwa mkono, saa zilezile, aina ileile ya maudhui, na ukae kujibu kwa muda uleule kwa yote. Kisha hesabu maoni na mazungumzo, usihesabu kupendwa peke yake. Usitumie wastani wa kawaida pia, kwa sababu chapisho moja lililosambaa kama moto wa nyika litakuharibia picha nzima. Panga namba zako kuanzia ndogo hadi kubwa na utazame ile ya katikati.

Hatari inayobaki ni ile ambayo hakuna kipimo kinachoionyesha mapema: dunia hubadilika kati ya kuandika na kuchapisha. Katikati ya Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba imekuta vinasaba vya farasi katika baga za nyama ya ng'ombe, zikiwemo zilizouzwa na maduka ya Tesco. Siku chache baadaye akaunti ya Tesco kwenye Twitter ikawaaga wateja wake usiku kwa msemo wa Kiingereza wa kwenda kulala ambao, neno kwa neno, hutaja nyasi kavu, chakula cha farasi. Watu walikasirika, wakidhani kampuni inafanya mzaha juu ya kashfa. Tesco iliomba radhi na kueleza kwamba ujumbe ulipangwa kabla ya habari kujulikana. Maelezo hayo yanaaminika kabisa, na bado hayakuuzuia ujumbe kwenda mbio kuliko radhi. Mwitikio ulikuwa mkubwa sana siku ile, wa aina ambayo hakuna anayeitaka.

Programu haisomi habari kwa niaba yako wala haijui kwamba kuna msiba. Ndiyo maana watu wanaoendesha kurasa kubwa kwa uangalifu hujua mahali pa kusimamisha foleni yote ya machapisho yaliyopangwa kwa mkupuo, na huwa wamekubaliana nani ana ruhusa ya kufanya hivyo hata saa tisa usiku. Ukurasa wa mtu mmoja unahitaji kitu kilekile kwa kiwango kidogo: kuipitia foleni kila asubuhi, dakika tatu zinatosha, na kutopanga miezi mbele maneno yanayotegemea hali ya siku.

Na yapo machapisho ambayo ningeshauri yasipangwe kabisa, au yapangwe tu kwa saa ambayo una hakika utakuwa umeshika simu: swali kwa wafuasi, hoja inayoweza kupingwa, habari ya kusikitisha, tangazo ambalo watu watataka ufafanuzi wake papo hapo. Ratiba ya kila mwezi, kumbukumbu ya tarehe, kiungo cha makala au picha isiyohitaji maelezo, hivyo viache vitoke vyenyewe hata ukiwa umelala.