Je, wajua kwa nini chujio la oili la pikipiki moja huoshwa na la nyingine hutupwa?

Asubuhi moja pale Pasua, Moshi, vijana wawili wa bodaboda walifika kwa fundi kumwaga oili. Mmoja ana pikipiki ya Kichina ya cc 125, mwenzake ana Boxer 150. Kwenye ile ya kwanza fundi alifungua nati kubwa ya chini, ikatoka springi pamoja na kiwavu kidogo cha waya. Akakiosha kwenye kopo, akakirudisha. Kwenye Boxer alifungua kifuniko cha pembeni, akachomoa kitu cha karatasi chenye mikunjo kama marinda ya sketi, akakiweka kando. "Hiki hakirudi. Kachukue kipya dukani."

Kijana hakuridhika. "Sasa mzee, ya mwenzangu umeiosha, yangu mimi ndiyo ya kununua?"

Ni swali la haki, na jibu lake liko ndani ya injini zenyewe.

Pikipiki hizi nyingi za 125 zimetokana na Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hufanya kazi ngumu na huduma haifuatwi sana. Waliobuni injini ile hawakuweka chujio la karatasi kabisa. Kile kiwavu cha chini kazi yake ni kulinda pampu isimeze vitu vikubwa: kipande cha gasketi, chembe ya klachi, unyuzi wa tambara. Ukikishika juani unayaona matundu yake kwa macho. Chujio hasa la injini ile limefichwa kwingine, na madereva wengi wamemiliki pikipiki miaka mingi bila kujua kwamba lipo.

Liko nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia, kwenye ncha ya krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ni kama kikopo cha duara kinachozunguka pamoja na krenki, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Kila mtoto aliyewahi kuzungusha ndoo ya maji kwa mkono anajua kwamba maji hukimbilia kwenye kitako cha ndoo na hayamwagiki. Humo nako ni hivyo hivyo: oili inapita katikati, na chembe za chuma, ambazo ni nzito kuliko oili, zinatupwa kwenye ukuta wa kikopo na kuganda pale kama tope jeusi. Hakina karatasi wala wavu, kwa hiyo hakizibi. Lakini kinajaa. Tope likishakuwa nene, uchafu mpya hauna pa kukaa, unaendelea na safari hadi kwenye beringi. Kukisafisha lazima kifuniko cha kulia kifunguliwe na gasketi ibadilishwe. Kazi hiyo fundi hawezi kuimaliza mteja akiwa amekaa juu ya siti anasubiri abiria, ndiyo maana haifanyiki. Kama una pikipiki ya namna hii, acha kabisa kuumiza kichwa na aina ya chujio la kununua. Uliza tu kikopo chako kilifunguliwa lini.

Swali la kuchagua linawahusu wenye injini za chujio la karatasi: Boxer 150, na zile pikipiki kubwa za safari tunazoziona Arusha zikipita na mizigo kuelekea kusini mwa Afrika au kaskazini kwenda Nairobi. Kwa baadhi ya hizo huuzwa chujio la wavu mwembamba wa stenlesi, linaloingia palepale pa karatasi na kuoshwa kila unapomwaga oili. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya karatasi moja, na anayeliuza atakwambia utalitumia maisha yote.

Fikiria chai. Chujio la waya la jikoni hunasa majani, lakini ukinywa hadi mwisho unakuta vumbi la majani limetulia chini ya kikombe. Ukichuja chai hiyohiyo kwa kitambaa kizito, vumbi lile hulioni, ila chai inashuka taratibu. Wavu una matundu yaliyonyooka: chembe ndogo kuliko tundu inapita, kubwa inabaki. Karatasi haina matundu ya namna hiyo. Ni msongamano wa nyuzi, na oili hupenya kwa kupindapinda kama mtu anayekatiza mgomba kwa mgomba shambani Kibosho. Chembe inaweza kukwama njiani hata kama ni ndogo kuliko upenyo ulioiingiza.

Kwa vipimo, mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Karatasi nzuri hukamata sehemu kubwa ya chembe za mikroni 20 hadi 30, pamoja na baadhi ya zile ndogo zaidi. Wavu wa stenlesi mara nyingi hutangazwa kwa mikroni 35 hivi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma kwenye beringi ni wa mikroni chache tu, kwa hiyo ni hizo chembe ndogo zinazokwangua.

Wauzaji wa wavu husema pia kwamba unapitisha oili nyingi zaidi. Hilo usiliweke kwenye hesabu. Pampu ya oili husukuma kiasi kilekile kwa kila mzunguko, chujio liwe la karatasi au la wavu. Chujio likiziba, injini nyingi zenye karatasi zina valvu ndogo inayofunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Hutasikia mlio wowote, wala taa haitawaka. Pikipiki ndogo nyingi hazina hata taa ya presha ya oili. Utaendelea kupakia watu Majengo, Mbuyuni na Kiboriloni huku unasaga beringi.

Mimi kwa bodaboda nasema karatasi, bila kusita. Bei yake kwa kawaida haifikii ya lita moja ya oili nzuri, na ukikosea kuitunza, kosa hilo linaisha siku unapoibadilisha. Wavu una faida ya kweli kwa msafiri anayekwenda mahali ambapo spea ya pikipiki yake haipatikani, na kwa wakimbizaji wa mashindano wanaofungua chujio kila baada ya mbio kuangalia kama kuna vyuma vilivyoanza kulika. Ukiona vipande vinavyonata kwenye sumaku ni chuma cha gia au krenki. Vinavyong'aa na havinati mara nyingi ni aluminiamu. Lakini hata karatasi inasomeka: ichane kwa kisu, itandaze juani, utaona yaleyale.

Wavu ni salama kwa kiasi cha mkono unaouosha. Unalowekwa kwenye mafuta ya taa au dizeli, unasuguliwa kwa mswaki laini na kamwe si kwa brashi ya waya, kisha upepo unapulizwa kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, kwa presha ndogo. Ukauke kabisa, halafu uinuliwe kwenye mwanga utafutwe mpasuko. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili kuvuja, ikiwa imekakamaa ibadilishwe. Ukiruka hatua moja umejirudishia uchafu wako mwenyewe.

Na karatasi usiioshe. Nimeona ikichovywa kwenye petroli, ikapulizwa kwa kompresa na kurudishwa, na naumia kila nikiona. Uchafu uliozama katikati ya nyuzi hautoki, upepo unapanua njia za kupenyea, gundi inayoshika mikunjo inalegea. Kwa macho inaonekana safi, lakini kazi yake imeisha.

Kuna jambo la mazingira nalo, maana wapo wanaonunua wavu ili wasitupe takataka. Nia ni njema. Ila wavu unahitaji kuoshwa, na ile dizeli nyeusi inakwenda wapi? Hapa Moshi, kinachomwagwa mtaroni mvua za masika hukibeba hadi mitoni, na maji ya mto Rau ni kati ya yanayomwagilia mpunga kule chini. Karatasi moja iliyochuruzishwa oili yake kwenye dumu ina madhara machache kuliko kopo la dizeli chafu lililomwagwa njiani. Weka dumu la oili chafu gereji, na chochote kilichooshea kiingie humo.

Yule kijana wa Boxer alirudi na karatasi mpya. Fundi aliigeuza mara mbili kabla ya kuiingiza, maana ikiwekwa kinyume oili haina njia na injini inaweza kunoki siku hiyohiyo. Machujio mengine yana maandishi ya Kiingereza yanayoonyesha upande unaokaa nje. Kwa yasiyoandikwa, kariri kichwani jinsi la zamani lilivyokaa kabla ya kulitoa. Alifunga kifuniko, akajaza oili, akawasha injini ikanguruma kidogo, akazima, akasubiri, kisha akapima tena. Kiwango kilikuwa kimeshuka. Karatasi kavu ilikuwa imekunywa sehemu yake, akaongeza iliyopungua.