"Alihojiwa peke yake": mke na uuzaji wa ardhi katika sheria ya zamani ya Uingereza

Ukipitia hati za kale za mauziano ya ardhi za Uingereza na makoloni yake ya Amerika, mara kwa mara utakuta imeandikwa kwamba mke alihojiwa peke yake, mbali na mumewe, naye akakiri kuwa amekubali kwa hiari. Wengi huiruka sentensi hiyo wakidhani ni mapambo ya makarani. Mimi huwaambia waanzie hapo.

Binti mtu mzima asiyeolewa, au mjane, aliweza kuuza ardhi yake kama mwanamume yeyote. Akishaolewa, ardhi ilibaki yake kwa jina tu. Mume ndiye aliyeisimamia na kupokea kodi zake, na mke hakuweza peke yake kuiuza wala kuirithisha kwa wosia. William Blackstone, mwanasheria aliyechapisha maelezo yake kuanzia 1765, alieleza kwamba kisheria mume na mke ni mtu mmoja.

Je, mume akiiuza bila ridhaa yake? Mume akiwa hai, mke hakuwa na pa kulalamika. Akishafariki, mjane alidai ardhi kwa amri ya mahakama iliyoitwa kwa Kilatini *cui in vita*, yaani "ambaye enzi za uhai wake hakuweza kumpinga". Jina lenyewe ni ushahidi tosha. Juu ya hayo, mjane alistahili kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu, akihofia kugongewa mlango na mjane miaka 20 baadaye, ndiye aliyesisitiza mke naye afike mbele ya majaji.

Njia yenyewe ilikuwa kesi ya kuigiza. Mnunuzi "aliwashtaki" mume na mke, kisha wakapatana. Kuanzia 1195 mapatano hayo yaliandikwa mara tatu kwenye ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa mawimbi: kila upande ukachukua kipande chake, na cha chini kikabaki mahakamani. Majaji walimhoji mke faraghani kwanza. Ulinzi mzuri, ila jioni alirudi nyumba ileile, kwa mume yuleyule.

Sheria ya 1833 iliondoa maigizo hayo, lakini ikabakiza ridhaa ya mume na mahojiano ya faragha. Sheria ya 1882, iliyoanza kutumika Januari 1, 1883, ndiyo iliyomruhusu mke kuuza mali yake kana kwamba hajaolewa. Aliyeolewa kabla ya siku hiyo alinufaika kwa mali aliyoipata baadaye tu. Marekani, Mississippi ilikuwa imeanza kulegeza 1839, na New York 1848.

Louisiana, yenye asili ya sheria za Kifaransa na Kihispania, ilichelewa zaidi, maana huko mume alikuwa "kichwa na bwana" wa mali ya pamoja. Mwaka 1974 mume mmoja aliweka nyumba ya familia rehani kwa deni la dola 3,000, ada ya wakili wa kumtetea katika kesi iliyotokana na malalamiko ya mkewe mwenyewe. Saini ya mke haikuhitajika. Aliijua rehani hiyo mwaka 1976, wakili alipotishia kuiuza nyumba, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha kanuni hiyo Machi 1981.